Maua Yaonekane: Uchambuzi wa Kisa cha Bibi Harusi Mmoja wa Lamu

Mimi ni fundi wa hina. Kazi hii niliipokea kwa mama, naye aliipokea kwa shangazi yake, na mikono yangu imepita kwa maharusi wa Langoni, wa Mkomani, na wa Shela ninakofuatwa kwa boti. Katika kisa hiki mimi si shahidi wa pembeni. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua ya harusi, iliyomuunguza yule binti niliitia mimi. Mwenyewe amenipa ruhusa niandike, kwa sharti nisitaje jina wala mtaa, nami nimegeuza mambo mawili matatu ambayo jirani angeyatambua upesi.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu mjini kimeshafupishwa. Ukikaa harusini utasikia: "Yule? Si alijichubua, akaadhibika." Hilo neno "alijichubua" ndilo linalonikera. Lina "ji" ndani yake, kana kwamba alijifungia chumbani peke yake na kioo. Nimekaa nikawahesabu waliotia mkono, nikafika watu saba, yeye akiwa wa mwisho na mimi wa sita.

Mlangoni, siku ya kuonwa

Alikuwa na miaka 21, anasomesha watoto wadogo Kurani chuoni. Ni mrefu, mweusi wa kung'ara, na akicheka unaona mwanya. Bibi yangu, Mungu amrehemu, angemsifu kutwa nzima: shingo ya pingili, macho ya kulegea, na ule ufizi mweusi ambao wazee wetu waliuhesabu kuwa uzuri wenyewe. Husikii tena mtu akisifu ufizi. Siku hizi hata mwanya kuna wanaouliza bei ya kuuziba.

Posa ilikubaliwa mwezi wa Rajabu, harusi ikapangwa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Baada ya posa wakaja wanawake wa upande wa mume kumwona mwali. Walikunywa sharubati, wakala, wakaomba dua. Wakati wa kuondoka, shangazi wa bwana harusi, huku akifunga buibui lake, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida tu: "Mashallah. Mweusi, lakini ana sura."

Hakukusudia ubaya. Alikuwa akisifu, na kwa muda mrefu nilishindwa kumweleza mtu kwa nini sifa ile ilikuwa nzito kuliko tusi. Tusi ungelijibu. Mama mtu angelirudisha mle mle mlangoni, na posa pengine ingevunjika. Lakini sifa unaitikia "ahsante", kisha unabaki nayo. Mwali alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Mama yake akasikia pia, na kila mmoja akadhani mwenzake hakusikia.

Litazame hilo "lakini". Mimi nimezaliwa mji huu na sijapata kusikia mtu akisema "mweupe, lakini ana sura". Neno lenyewe linaonyesha upande ambao deni liko. Na kuna neno jingine kubwa kuliko hilo, ambalo nalo tunalitumia kwa mapenzi: kutakata. Nguo ikifuliwa ikawa safi imetakata. Moyo usio na chuki umetakata. Na msichana aliyepungua weusi, tunamwambia vilevile, "Wallahi umetakata!" Lugha inatusaidia tusijue tunachosema. Tukimwambia mmoja ametakata kwa kuwa mweupe, tumeshamwambia yule mweusi aliyekaa kando yake nini?

Si jambo la simu wala la televisheni, ingawa vitu hivyo vimelichochea. Lamu ni mji wa nasaba. Hapa watu waliulizana zamani "wewe ni wa nani?" kabla ya kuulizana jina, na rangi ilisomwa kama hati: ukiwa mweupe mwenye nywele za singa, watu walikudhania una babu wa Hadhramaut au Omani, ukiwa mweusi wa kipilipili, wapo waliokunong'onea kwamba bibi yako alinunuliwa. Utumwa katika pwani hii ulifutwa kisheria mwaka 1907. Bibi wa bibi yangu alikuwa mtu mzima wakati huo, kwa hiyo si mbali. Kopo la mkorogo halipaushi ngozi tu. Linaahidi kufuta swali lile la "wewe ni wa nani".

Kopo

Mama mtu hakumwambia mwanawe ajichubue. Alichofanya ni kumpigia simu dada yake aliyeko Mombasa na kusema, "Nataka mtoto wangu aingie kwa watu akiwa amependeza." Halati akaelewa. Wiki ya pili ya Shaabani likaja kopo jeupe, halina kibandiko, limefungwa kwa mfuko wa plastiki, shilingi 1,200. Muuzaji ni mwanamke anayekoroga mwenyewe nyumbani: tyubu hii, krimu ile, mafuta ya kawaida ya kupoza. Ndiyo maana ya jina mkorogo. Maagizo yalikuwa apake usiku baada ya kuoga, mwili mzima, na asitoke juani.

Baada ya wiki tatu rangi ilikuwa imeanza kugeuka. Ramadhani ikaingia, na wanawake waliokutana naye kwenye tarawehe wakaanza: "Mwali, umetakata! Unatumia nini?" Yeye mwenyewe aliniambia kwamba kabla ya sifa hizo alikuwa amefikiria kuacha, maana kopo lilikuwa likinuka dawa na usiku mgongo ulimwasha. Sifa zikambakiza. "Nilikuwa nikisubiri jua litue nipake," alisema, "ili kesho yake wanione."

Vifundo vya vidole na magoti havikukubali. Vilibaki na rangi yake ya zamani, kama kawaida ya mkorogo, kwa sababu ngozi ya hapo ni nene. Mama yake aliviona akaagiza kopo la pili.

Mtu mmoja alishtuka mapema, naye ni somo, yule mwanamke anayemfunda mwali. Siku saba kabla ya harusi alianza kumsinga mwali kwa singo ya liwa, karafuu na maua ya waridi, kazi ambayo huwa anaisugua kwa nguvu na hakuna anayelalamika. Safari hii ngozi ya mapaja ilichunika kwa kusuguliwa tu. Na mikononi mishipa ya damu ilionekana kwa juu, ya kijani, kwa msichana wa miaka 21. Somo akamwambia mama mtu, "Hiki mnachompaka kipunguzeni." Akajibiwa kwamba zimebaki siku chache.

Kwa nini piko

Hapa naingia mimi, na itabidi nieleze ufundi kidogo.

Hina halisi ni majani ya mhina yaliyokaushwa, yakasagwa, yakalowekwa kwa ndimu na maji ya chai, wengine huongeza sukari ili ishike. Inataka subira. Unaitia, unaifunga, inalala na mtu, na asubuhi ukiibandua rangi ni ya chungwa. Siku mbili zinazofuata inaendelea kuiva yenyewe hadi kuwa ya damu ya mzee au kahawia. Nyeusi haifiki. Hakuna hina nyeusi duniani, iwe ya Lamu, ya Sudani au ya India. Na inapokolea sana ni viganjani na nyayoni, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nene na inanywa rangi. Ndiyo sababu bibi zetu walitia nyayo nzima, viganja na ncha za vidole, na hawakuhangaika na maua ya kupanda mkono hadi kiwikoni.

Maua ya kupanda mkono yamekuja na vielelezo vya Ghuba na vya Kihindi, na zaidi yamekuja na kamera. Juu ya mkono hina hutoka hafifu, na juu ya mkono mweusi maua ya kahawia yanataka mtu asogee ayatazame. Kwenye picha hayasomeki. Kwa hiyo fundi anayachora kwa piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kwa kijiti chembamba. Nusu saa tu imeshika. Nyeusi tii, mstari kama wa kalamu.

Na piko nayo, ukitaka iwake kwenye picha, inataka mkono mweupe. Mahitaji mawili yakakutana hapo, mimi nikiwa katikati. Mpambaji aliyekodiwa kutoka Mombasa alikuwa ameshaona picha ya mwali kwa simu akasema uso hauna shida, poda itaung'arisha, ila mikono "ilingane na uso". Mwali akitiwa poda nyepesi usoni, mikono mieusi mapajani ingemsaliti. Mama mtu akanifikishia ujumbe kwa maneno ambayo kila harusi nayasikia: "Maua yaonekane, mwanangu. Watu watakuja kutoka mbali."

Maua yaonekane. Hakuna aliyesema "mtoto apauke". Kila mtu alikuwa na ombi dogo la haki, na maombi yote yakaangukia ngozi ile ile.

Sasa kosa langu. Mimi si mzembe, na siku hizo nilijivuna kwamba namjaribu kila bibi harusi kabla ya kumtia piko. Siku kumi kabla ya harusi nilimtia tone ndani ya kiwiko. Asubuhi yake nikapita kwao, nikatazama: safi, hata wekundu hakuna. Nikasema Alhamdulillahi nikaenda zangu. Sikumuuliza anapaka nini. Nilikuwa nimeshaona kwamba anapaka kitu, maana jicho la fundi wa hina halidanganywi na ngozi, lakini kuuliza ilionekana ni kumvunjia heshima mama mtu.

Jumanne usiku nikamtia hina, Jumatano usiku piko, kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko, na miguuni hadi nusu ya muundi. Kama desturi nilikuwa nimewaambia tangu Jumatatu asipake mafuta wala krimu yoyote mikononi, kwa sababu ngozi yenye mafuta haishiki rangi. Likumbukeni agizo hilo.

Ijumaa na Jumamosi

Ijumaa asubuhi alianza kuwashwa. Alasiri, wanaume wakiwa msikitini kwenye nikahi, mikono ilikuwa imevimba na mistari ya maua imeinuka kama imefumwa kwa uzi. Nilipoitwa usiku nilikuta malengelenge yamejipanga juu ya kila petali. Sijapata kuona kitu kama kile. Kazi yangu yote ilikuwa imechorwa upya kwa maji.

Mtu wa mbali atasema: si mngemkimbiza hospitali? Mama alisema tungoje asubuhi. Baba hakuambiwa. Jumamosi usiku ndio wa kupamba, wageni walikuwa wameshavuka kutoka Mokowe na wengine kutoka Faza na Kizingitini, vyakula vimeshapikwa. Akapewa vidonge vya kawaida vya maumivu. Halati akatafuta glavu ndefu za lasi. Bangili hazikupita, zikaachwa.

Akakaa juu ya jukwaa kwa muda wa karibu saa tatu, macho ameyainamisha kama apambwavyo mwali, vikuba vya asumini kifuani, udi unafuka. Simu za wageni zilikusanywa mlangoni, mpiga picha wa kike ndiye peke yake aliyepiga. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Wanawake walipita mbele yake mmoja mmoja na karibu wote walisema neno moja. Ametakata. Mashallah, ametakata. Chini ya lasi majimaji yalikuwa yameanza kupenya. Niliyaona kwa sababu nilijua pa kutazama.

Jumapili mume wake ndiye aliyempeleka hospitali.

Daktari alivyoeleza

Daktari alikuwa mwanamke, mpole, na mwenye subira ya kuturudia maneno. Alituita watatu: mwali, mama, na mimi niliyejipeleka mwenyewe. Nayaandika kwa namna nilivyoyaelewa.

Piko ina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa ufupi PPD. Imetengenezwa kwa ajili ya nywele, ichanganywe kwa kipimo, ikae muda mfupi, ioshwe. Sheria za Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na kuipaka ngozini kwa kuchora haziruhusu kabisa. Sisi tunaipaka ngozini bila kipimo na tunaiacha ikauke. Wengi haiwadhuru mara ya kwanza, wala ya tano. Ila mwili wa mtu unaweza kujifunza kuichukia, na ukishajifunza hausahau. Mwali alikuwa akitiwa piko kila Idi tangu ana miaka kumi. Idi iliyopita alijikuna siku mbili. Hakuna aliyelihesabu hilo kuwa jambo.

Kwa nini basi tone langu halikuonyesha kitu? Hapo ndipo kopo linapoingia. Kwa alivyoiona ngozi, nyembamba, mishipa juu, michirizi mapajani, daktari hakuwa na shaka kwamba ndani ya mkorogo mlikuwa na steroidi kali, za jamii ya klobetasoli. Hizo ni dawa halali za magonjwa ya ngozi, zinazopakwa kidogo, kwa siku chache, kwa amri ya daktari. Zinapunguza rangi, na zinazima muwasho na wekundu. Mwali alikuwa akizipaka kila usiku, pamoja na pale nilipotia tone. Ngozi ilikuwa imezibwa mdomo. Ilikuwa ikipiga kelele na hakuna aliyesikia. Na tena, akasema bila kunitazama, jaribio la namna hiyo linatazamwa baada ya siku mbili na linarudiwa kutazamwa siku ya nne. Asubuhi moja haitoshi.

Kisha mimi ndiye niliyesema aache krimu ili hina ishike. Steroidi ikatoka, piko ikaingia kwenye ngozi iliyokondeshwa kwa wiki nane. Nilipolielewa hilo nilishika kichwa.

Akaagiza pia apimwe mkojo, kama una protini. Mama mtu akashangaa: mkojo na mikono wapi na wapi? Daktari akaeleza kuhusu zebaki. Krimu nyingi za kupausha zimekuwa na zebaki, nayo inaingia kupitia ngozini hadi kwenye figo. Jambo hili limeandikwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za watu wazima 60 waliolazwa wakiwa wamevimba kwa ugonjwa wa figo kuvuja protini, na walipowauliza walikuta 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kupausha. Zaidi ya miaka hamsini. Na Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni na steroidi tangu 1998, yaani kabla hata mwali huyu hajazaliwa. Kopo lisilo na kibandiko linavuka marufuku zote, kwa kuwa halina jina la kupigwa marufuku.

Mkojo ulikuwa salama. Alipewa prednisoloni ya kumeza kwa kipimo cha kushuka pole pole, dawa ya kuzuia muwasho, na vitambaa vya maji baridi. Akaambiwa maisha yake yote asiguse piko wala rangi nyeusi ya nywele. Akiota mvi, ni hina au abaki nazo. Na kila akienda kwa daktari wa meno aseme ana mzio huu, maana kuna dawa za ganzi zilizo jirani na PPD ambazo mwili wake unaweza kuzichukia pia.

Waliotia mkono

Fungate yake aliikaa mikono imewekwa juu ya mto. Hakuweza kushika kijiko. Na aliyekuja kila asubuhi kumwosha nywele na kumchana ni yule yule shangazi wa "lakini ana sura". Alikuja kwa siku kumi, kwa miguu, kutoka mwisho mwingine wa mji, na mzee mwenyewe magoti yanamsumbua. Ndiyo maana siwezi kuandika kisa hiki kwa kumtafuta mwovu. Nimemtafuta. Muuzaji wa kopo ndiye aliyekaribia zaidi, kwa sababu yeye alijua anachokoroga na alipata fedha. Wengine wote tulikuwa tunampenda yule mtoto, na kila tulichomfanyia tulikifanya kwa kumtakia heshima.

Bwana harusi? Kuna wanaosema haya yote hufanywa kwa ajili ya wanaume. Katika harusi zetu usiku wa kupamba mwanamume haingii kabisa. Wanaotazama ni wanawake, wanaosifu ni wanawake, na wanaokumbuka mwaka wa pili yake nani alipauka na nani hakupauka ni wanawake. Yeye alimwambia dada yake kwa uchungu: "Mimi nilimposa niliyemwona ndiani akienda chuoni. Nani aliwaambia mumbadilishe?" Maneno mazuri. Lakini picha ya mchumba wake aliyokuwa ameiweka kwenye simu tangu Rajabu ilikuwa ile ambayo simu yenyewe ilikuwa imemlainisha na kumng'arisha, na yeye binti aliiona kila siku. Simlaumu sana, simu nyingi siku hizi hufanya hivyo bila kuulizwa. Ila binti alijua ni picha ipi imechaguliwa.

Na yeye mwenyewe, wa saba? Alikuwa na miaka 21, ana akili, alisikia mgongo ukiwasha na akaendelea. Nilimuuliza waziwazi. Akafikiri, akaniambia, "Ningekataa, ningekuwa namkataa mama." Baadaye kidogo akaongeza, "Halafu nilipenda, bi mkubwa. Usiandike kama sikupenda. Kutakata kulikuwa kutamu." Nimeandika alivyosema.

Baada ya hapo

Uso ulimfura chunusi na wekundu kwa karibu miezi miwili alipoacha mkorogo. Daktari alikuwa amemwonya kwamba ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa hugoma. Rangi yake ikarudi taratibu, kwanza shingoni. Mama yake sasa anamkataza mdogo wake wa miaka 11 piko, lakini nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mtoto huyo huyo aondoke juani asije akafubaa.

Mimi nimeacha piko. Nawauliza maharusi wanapaka nini, mbele ya mama zao, na kuna mama aliyenifungia mlango kwa swali hilo. Nawashauri nyayo nzima na viganja, ile hina ya zamani inayokolea bila msaada wa kemikali, na wengi hunijibu kwamba hiyo ni ya kizee. Mfungo mosi uliopita maharusi sita niliokuwa nimewaahidi walikwenda kwa fundi mwingine, asiyeuliza. Pakiti ya piko inauzwa karibu kila duka barabara ya ndani, kando ya sukari na viberiti.

Lile kopo la pili halikumalizika. Mama mtu alinipa mimi nilitupe, kwa kuwa aliogopa akilitupa mwenyewe mtu ataliokota. Nimelizika nyuma ya nyumba, na hata hivyo jirani aliyeniona alinijia jioni kuuliza kama ni lile lililomtakatisha yule binti.

Miezi saba baadaye tulikutana naye kwenye harusi nyingine, Mkomani. Malengelenge yalikuwa yamepona siku nyingi, ila pale yalipokuwa ngozi ilibaki nyeusi kuliko mkono wenyewe, petali kwa petali, shina kwa shina, mpaka juu ya kiwiko. Maua yangu yote yalikuwapo. Daktari alisema yatafifia, huenda kwa mwaka mmoja, huenda miwili. Alikuwa amevaa mikono mifupi, hakuyaficha. Mama mmoja mgeni, wa kutoka Malindi, aliyekuwa amekaa kando yake akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa taa, akautazama kwa muda.

"Mashallah," akasema. "Hina yako imekolea. Nani aliyekutia?"

Binti akanionyesha kwa kidole.